Chai nyeupe ya miaka mingi imekataa kutoa ladha? Anza na maji, jani baadaye

Chai nyeupe iliyozeeka vizuri unaitambua upesi. Rangi yake ni ya asali au kaharabu, harufu yake ni ya tende na majani makavu ya dawa, na baada ya kumeza utamu hubaki kooni kwa muda. Haikwaruzi ulimi. Ukiinywa Nairobi ukapata kitu chapwa, kichungu, kichachu au chenye harufu ya kabati, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia. Malalamiko mengi ninayoyasikia hapa mjini chanzo chake ni maji, kisha mahali pa kuhifadhia. Jani lenyewe huja la tatu. Nimezipanga dalili kwa kuanza na ile ambayo kuichunguza hakugharimu hata shilingi.

Ninayoizungumzia ni chai ya Fuding na Zhenghe, mkoani Fujian, China. Jani huchumwa, hunyaushwa kwa saa nyingi, hukaushwa, basi. Halikaangwi kama chai ya kijani, wala halikatwikatwi kama CTC yetu ya Kericho na Nandi, ile chai ya punje inayosagwa kwa mashine. Kwa kuwa halipitishwi kwenye moto mkali, vimeng'enya vyake havifi vyote, na jani huendelea kubadilika polepole kwa miaka. Bai Hao Yin Zhen ni machipukizi matupu. Bai Mu Dan ni chipukizi na jani moja au mawili. Gong Mei na Shou Mei ni majani makubwa zaidi, mara nyingi na vijiti vyake. Ile inayofika kwetu ikiitwa ya zamani kwa kawaida ni Shou Mei iliyoshindiliwa kuwa keki ya gramu 350 hivi, na hilo lisikuvunje moyo. Shou Mei ikizeeka, kwangu mimi, ina utamu kuliko machipukizi ya bei mara tatu yake.

Dalili: chai ni chapwa, kama maji yaliyopita kwenye majani

Hii ndiyo dalili inayowapata wengi, na sababu yake kubwa iko chini ya miguu yetu. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Limuru ni chini kidogo ya 93. Maelekezo yaliyoandikwa kwenye keki yanamhusu mtu wa pwani ya Fujian, ambaye maji yake yanafika 100 kama ya mtu wa Mombasa. Anapoambiwa aache majani ndani kwa sekunde kumi, kwake zinatosha. Kwako hazitoshi. Ukimimina kwenye chombo baridi cha kaure asubuhi ya Julai, unapoteza nyuzi nyingine kadhaa kabla jani halijajua kuna maji.

Chai nyeupe changa inavumilia maji ya vuguvugu, hata inayapenda. Ya zamani haivumilii. Jani limekauka na kujikunja, na kama ni keki limeshindiliwa juu ya hapo. Linataka joto jingi linalodumu.

Kwa hiyo fanya hivi. Pasha chombo kwanza kwa maji yanayotokota, uyamwage. Weka gramu 5 kwa mililita 100 hadi 120 kama unatumia gaiwan, lile bakuli dogo lenye kifuniko. Pima kwa mizani. Kijiko kinadanganya, maana Shou Mei isiyoshindiliwa inajaza kijiko kabla ya kufika gramu moja na nusu, huku kipande cha keki cha ukubwa uleule kikiwa na uzito mara kadhaa. Mimina maji ya kwanza, yamwage mara moja, funika, acha jani lililolowa lipumzike dakika moja kwenye mvuke wake. Kisha anza mikupuo, yaani kumimina maji mapya juu ya majani yaleyale na kuyachuja: mkupuo wa kwanza nusu dakika, wa pili vivyo hivyo, halafu uongeze. Kama bado ni chapwa, ongeza muda kabla ya kuongeza majani.

Angalizo kwa wenye birika la umeme lenye kipimajoto: baadhi yake, ukiyawekea 95 au 100, yatatokota bila kujizima, kwa kuwa joto hilo haliwezi kufikiwa hapa. Yazime mwenyewe.

Dawa ya uhakika zaidi ni sufuria. Gramu 5 kwenye mililita 600 za maji, yakianza kutokota unashusha moto hadi yanachezacheza tu, dakika saba hadi kumi, unachuja. Joto halizidi 94, lakini pia halishuki, na hilo ndilo jani lilikuwa linalitafuta. Wachina wenyewe huipika hivyo chai nyeupe ya zamani, hasa Shou Mei, kwa hiyo usione unaiharibu kwa kuichemsha kama strungi. Kuna wanaopendekeza presha kuka ili kupita zile nyuzi 94. Inawezekana, ila chai iliyotoka humo huwa na harufu ya ile mpira ya kifuniko, na mpira huo mara nyingi umeshapika maharagwe.

Njia ya tatu, na ya uvivu, ni chupa ya chai. Kila nyumba inayo. Gramu 5 kwa lita moja, maji yanayotokota, funga, rudi baada ya saa mbili. Haitakuwa chungu ikiwa jani limezeeka kweli. Chupa yenyewe lazima isiwe imewahi kubeba chai ya maziwa, au iwe imesuguliwa hadi kizibo.

Umefanya yote hayo na bado ni chapwa? Sasa ndipo jani linashukiwa. Chai iliyokaa wazi kwa miezi, kwenye bakuli au mfuko wa khaki, harufu huiruka. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, wauzaji wengi wadogo hupima chai na kuitia kwenye karatasi. Ni jambo jema kwa mitaro yetu, ila karatasi si mahali pa kuiacha chai mwaka mzima. Ihamishe siku hiyohiyo.

Dalili: uchungu, au ukakasi unaokausha ufizi

Tazama kwanza umekataje keki. Ukiivunja kwa mkono au kwa kisu cha mkate, nusu inakuwa vumbi, na vumbi hutoa kila kilichomo kwa mara moja. Ingiza kisu chembamba au bisibisi safi ubavuni mwa keki, kati ya tabaka, uinue. Vipande vitoke bapa. Vumbi lililobaki lisitupwe, liende kwenye sufuria siku nyingine na maji mengi.

Ikiwa vipande ni vizima na uchungu uko palepale, chai yako huenda ni changa kuliko ilivyoandikwa. Kadiri miaka inavyopita, katekini, zile zinazoleta uchungu na ukakasi, hupungua. Sehemu yake huungana na theanini, kiambata kinacholeta utamu wa mchuzi, na kuwa viambata vingine. Kwa sababu hiyo chai ya zamani hupoteza ule ukali pamoja na ule utamu wa mchuzi ulio kwenye chai mpya. Chai inayojiita ya miaka kumi na bado inakausha ufizi ina maswali ya kujibu.

Kuna sababu ya tatu ya hapa nyumbani. Viwanda kadhaa vidogo vya Kenya sasa hutengeneza chai nyeupe ya machipukizi, na ipo hata ya mche wa zambarau, TRFK 306/1, uliotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Michai yetu mingi ni ya ukoo wa Assam, yenye nguvu kuliko ya Fuding, na chai yake nyeupe ina mwili mzito na ukakasi zaidi inapokuwa changa. Usiitendee kama mzee. Maji yapoe hadi nyuzi 80 hivi, dakika mbili au tatu, utaona inavyotulia. Na kama una nafasi kabatini, weka kilo moja pembeni. Njia ya kuitengeneza ni ileile ya kunyausha na kukausha, kwa hiyo nayo inaweza kubadilika kwa miaka, ingawa sitakuahidi itageuka kuwa kama ya Fuding.

Dalili: uchachu

Uchachu mwepesi kama wa ukwaju kwenye mkupuo wa kwanza, unaotoweka kwenye wa tatu, mara nyingi ni chai iliyokaa ndani ya maji kupita kiasi. Punguza muda. Uchachu unaobaki hadi mwisho ni habari nyingine: jani halikukaushwa vya kutosha kabla ya kushindiliwa, au liliingiwa na unyevu baadaye. Ya kwanza haina tiba. Ya pili isome hapa chini.

Dalili: harufu isiyo ya chai

Nusa majani makavu kwanza, kabla ya maji. Kisha nusa kifuniko cha chombo baada ya mkupuo wa kwanza, maana moto hufichua kilichojificha.

*Vitunguu, bizari, sabuni, mafuta ya taa.* Chai hufyonza harufu bila kuchagua. Kabati la juu ya jiko ndiyo jela mbaya kuliko zote: mvuke wa sufuria, moshi wa mafuta na masala ya jirani yake wa rafu ya pili. Friji ni mbaya vilevile, maana kila unapoitoa chai humo umande huishukia, na samaki wa jana hakosi kuacha salamu. Harufu nyepesi ya jikoni inaweza kupungua ukiitandaza chai kwenye sinia safi chumba chenye hewa, kivulini, siku moja au mbili. Ya mafuta ya taa haitoki. Usijisumbue.

*Moshi au makaa.* Kama jani ni la kahawia kote na lina harufu ya kuungua, lilipigwa moto mkali ili lionekane la zamani. Tutalifikia.

*Uvundo, kama chumba kilichofungwa wakati wa masika.* Hapa pana kazi. Wafanyabiashara wa Nairobi wanaoleta bidhaa kutoka China wengi hupitia Guangzhou, mji wa joto na unyevu mwingi. Chai iliyokaa ghalani kule huzeeka haraka, na wakati mwingine huvunda haraka. Kisha inafika kwetu, na sisi tuna masika ya Machi hadi Mei, baridi yenye manyunyu Juni hadi Agosti, na vuli kuanzia Oktoba. Miezi ya kuiamini hewa ni michache.

Pima unyevu kwa vidole. Chukua kijiti cha Shou Mei ukipinde: kikikatika kwa mlio, sawa. Kikijipinda kama ngozi, chai ina maji. Jani likibanwa kati ya vidole linapaswa kusagika kuwa unga. Kiwango cha China cha chai nyeupe hakiruhusu unyevu kuzidi asilimia 8.5, na wanaohifadhi kwa miaka hutaka chini ya hapo.

Chai iliyovunda kidogo, isiyo na ukungu, ivunje vipande, itandaze ndani ya nyumba siku kavu za Januari au Februari, mbali na jua. Ukifanya hivyo Julai unaiongezea maji. Jua nalo linaiua harufu, hata kama shosho amekuambia kila kitu huanikwa.

*Ukungu.* Watu wengi huona weupe juu ya jani wakashtuka bure. Machipukizi ya chai nyeupe yana manyoya yake, na ndiyo asili ya jina. Itazame kwa kamera ya simu ukiwa umekuza. Manyoya hulala upande mmoja kulifuata chipukizi na hayaruki kwenda jani la pili. Ukungu hutanda kama utando wa buibui kutoka jani hadi kijiti, huinuka ukipuliza, na una harufu ya uvundo. Ukiuona, keki nzima inatupwa, si kona ile tu. Sumu za baadhi ya kuvu haziuliwi na maji yanayochemka, sembuse ya nyuzi 94. Kuna muuzaji atakuambia madoa ya manjano ni "maua ya dhahabu", dalili ya thamani. Kuvu hiyo ipo kweli, na hukuzwa kwa makusudi kwenye matofali ya chai ya Fu, chai ya China inayochachushwa. Iliyojiotea yenyewe kwenye kabati la Umoja au Kilimani si hiyo, na huna maabara ya kuthibitisha.

Mahali pazuri pa kuhifadhi ni pa kawaida kabisa: mfuko wa foili uliofungwa vizuri, ndani ya mfuko mwingine mzito, ndani ya katoni, juu ya rafu ya chumba cha kulala ambamo hakufuliwi wala hakupikwi. Isiguse ukuta wa nje wala sakafu. Usiifungue kila wikendi kuinusa. Toa ya miezi miwili au mitatu, weka kwenye kopo la bati lisilo na historia ya kahawa, na nyingine iache.

Dalili: rangi ni nyekundu iliyokolea mara ya kwanza, kisha inakufa

Chai iliyozeeka taratibu hutoa rangi kwa hatua. Mkupuo wa kwanza ni wa manjano yenye wekundu kidogo, wa tatu unakolea, wa saba bado una neno. Ikiwa wa kwanza ni mweusi kama strungi na wa tatu ni maji, shuku kuzeeshwa kwa haraka: majani machanga hurundikwa yakiwa na unyevu, au hupitishwa kwenye joto kali, yakageuka kahawia ndani ya wiki.

Mwaga majani yaliyokwisha kunyweka kwenye sahani nyeupe. Jani la zamani la kweli hufunguka, lina unyumbufu ukilivuta, na rangi zake hazilingani: kijani kilichofifia, kahawia, kijivu, kijiti chekundu. La kuzeeshwa huwa la rangi moja, jeusi, gumu au lenye kuteleza, na wakati mwingine halikunjuki hata baada ya kuchemshwa. Kwangu hiyo ni dalili nzito kuliko maneno yoyote ya dukani.

Na maneno ya dukani hayakosi. Utaambiwa msemo wa Kichina: mwaka mmoja ni chai, miaka mitatu ni dawa, miaka saba ni hazina. Msemo huo umeuza keki nyingi. Halafu, "Mkubwa, hii ni ya 2009, zimebaki mbili." Mwombe akupe karatasi ya kufungia uisome, hata kama hujui Kichina, maana namba ni zilezile. Kiwango cha taifa cha chai nyeupe iliyoshindiliwa, GB/T 31751, ni cha mwaka 2015. Karatasi yenye namba hiyo haikuchapishwa 2009. Kile cha chai nyeupe kwa jumla, GB/T 22291, kina toleo la 2008 na la 2017, na mwaka huandikwa baada ya namba. Alama ya leseni ya chakula nayo inasaidia: ile inayoanza na herufi SC ilianza Oktoba 2015, badala ya QS ya zamani. Muuzaji anaweza kujitetea kwamba jani ni la 2009 na keki ilishindiliwa baadaye. Inatokea kweli, na ni halali. Basi mlipie kwa kile unachokionja, mwaka aubakie nao. Na atakayekupa keki ya miaka ya 1980 mpe salamu uondoke. Kushindilia chai nyeupe kuwa keki ni desturi iliyoenea karne hii.

Dalili: rangi ya matope, au utando juu ya kikombe

Maji tena. Maji ya mfereji ya Nairobi, mengi yakitoka Ndakaini na milima ya Aberdare, ni laini na yanaifaa chai. Tatizo lake ni klorini. Yaache wazi usiku mmoja, au yatumie ya mtungi. Lakini ghorofa nyingi zinaishi kwa kisima au kwa lori la maji. Maji yenye bikaboneti nyingi huitia chai giza na kuizima harufu, na yakiwa na kalsiamu pia, juu hufanyika utando unaokatika ukiugusa kwa kijiko. Jaribu chai ileile kwa maji ya chupa yenye madini machache. Ikibadilika, umeshapata jibu.

Jambo moja la afya lisipite hapa. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Majani ya chai yaliyokomaa, kama ya Shou Mei, nayo hukusanya floraidi kuliko machipukizi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua inazidi kukolea. Kwa hiyo kama ni kisima, usiipike Shou Mei kila siku kwa maji hayo, na watoto wasipewe.

Dalili: usingizi hauji

Umri hauondoi kafeini. Ladha imelainika, ukanywa vikombe sita ukidhani ni majani ya dawa, saa nane usiku unahesabu pikipiki za barabarani. Kunywa kabla ya saa kumi jioni. Na mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula. Chai hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Asubiri saa moja hivi.

Dalili: wa nyumbani wanasema haijaiva

Hii haina uhusiano na jani. Mtu aliyelelewa kwa chai ya maziwa iliyopikwa na tangawizi ataona kikombe cha gaiwan ni mzaha wa wageni. Mpe ile ya sufuria, dakika kumi kamili, kwenye kikombe kikubwa, pamoja na tende au kipande cha ngwaci, yaani kiazi kitamu. Akidai maziwa, Shou Mei ya kawaida iliyochemshwa inayabeba vizuri kuliko unavyodhani, na kijiko kimoja cha sukari hakitaiua. Bai Mu Dan ya bei usiitoe siku hiyo.